Fundi Nijibu: Pangaboi linayumba, na mimi nalala chini yake

Kaskazi imeingia, joto la pwani mnalijua wenyewe, na barua za feni mwezi huu zimezidi za mabomba na za soketi zikiwekwa pamoja. Wengi mnauliza jambo moja kwa maneno tofauti, huyu anasema linacheza, huyu linayumba, huyu linatikisika mpaka taa ya pembeni inatikisika nalo, kwahiyo nimeona ukurasa wote tuupe pangaboi, au feni ya juu kama mnavoita Mombasa na Lamu, ni kitu kilekile. Naanza na barua ya mama mmoja wa Tanga maana ndani yake kuna karibu kila kitu.

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Tanga. Pangaboi letu la chumbani lina miaka sita na halijawahi kutusumbua, lakini tangu wiki ya sikukuu limeanza kuyumba. Namba moja na mbili afadhali, ukiweka tatu kile kikombe cha juu kinacheza na kuna mlio kok, kok, kok. Baba yao yuko safari. Nikaita fundi wa hapa mtaani, akasimama mlangoni akaliangalia likizunguka, akasema mota imekufa ninunue jipya. Hela hiyo mwezi huu sina. Usiku nalizima tunalala na joto, mdogo ameshatoka vipele mgongo mzima. Ni kweli ni mota? Na je linaweza kutuangukia?

JIBU: Marahaba mama, pole na joto na pole zaidi na huyo mdogo. Usinunue kitu kwanza. Mota ikiharibika inajulikana, inanguruma bila kuzunguka, au inatoa harufu ya kuungua, au ukishaizima ukaigusa unakuta imechemka sio kawaida. Kuyumba ni habari nyingine. Kinachoyumbisha ni uzito umezidi upande mmoja au kitu kimelegea pale lilipofungwa, na vyote hivyo huwezi kuviona ukiwa umesimama mlangoni, lazima mtu apande ngazi. Cha ndani ya mota kinachoyumbisha mara nyingi ni beringi, hicho nitakifikia mwishoni.

Umeuliza kama linaweza kuwaangukia, ukaliweka swali hilo mwisho, mi naliweka mwanzo. Feni iliyofungwa sawasawa haianguki kwa kuyumba siku mbili tatu. Lakini kuyumba kwa muda mrefu kunalegeza nati, kunakula bolti, kunakata pini, na kama aliyefunga alikosea tangu siku ya kwanza basi kila usiku linajifungua kidogo kidogo na nyie mmelala. Kwahiyo mpaka huko juu pawe pameangaliwa endelea kulizima, au sogeza kitanda pembeni uweke namba moja. Na utaratibu wangu miaka yote ni huu, anza juu ushuke chini. Watu wengi wanakimbilia mapanga kwanza kwasababu ndo yanayoonekana, wanayanyoosha wanayakunja, kumbe ugonjwa uko darini.

Zima meni swichi, usiishie kwenye swichi ya ukutani, maana nyumba nyingi nimekuta waya wa moto na wa nyutro vimegeuzwa, unazima ukutani feni inasimama lakini umeme bado umo ndani yake. Tumia ngazi, na mtu wa pili aishike, tafadhali sana usipandishe stuli juu ya kitanda. Kile kikombe cha juu kina skrubu moja au mbili ubavuni, zilegeze kikombe kishuke kwenye bomba. Hapo ndo utaona feni imeshikwa na nini: huku, yaani kulabu, ya chuma inayotoka kwenye zege au kwenye mbao, raba nyeusi nene ya mviringo, bolti limepita katikati ya hiyo raba, nati, na mwisho wa bolti kuna kitundu chenye pini ya kukunjwa, tunaita spliti pini. Hiyo pini ndogo ndo inayozuia nati isitoke. Sasa angalia, pini ipo na imekunjwa miguu yote miwili? Nati imekaza? Raba bado ni laini au imekauka ikapasuka? Bolti limeliwa?

Nakwambia hivi kwa sababu ya nyumba moja niliyoitwa Kigamboni miaka kadhaa iliyopita, malalamiko yalikuwa kama yako, linayumba kidogo na linapiga kok kok. Nilipoteremsha kikombe, pale ilipotakiwa kuwa spliti pini palikuwa na waya wa kufungia nondo umezungushwa mara mbili, umeshika kutu, umebaki unyuzi mmoja. Raba ilikuwa imegeuka unga mweusi, nikigusa unamwagika juu ya neti. Bolti limeliwa upande mmoja tu, na pale lilipoliwa linang'aa kama pete ya fedha. Nati niliishika kwa vidole viwili, sikutumia spana, ikazunguka robo mzunguko ikabaki mkononi mwangu. Chini ya ile neti alikuwa amelala kichanga wa miezi minne, mama yake amesimama mlangoni ananiuliza nataka chai au maji. Tangu siku hiyo kila feni ninayoitiwa naanza na kile kikombe hata mwenye nyumba akiniambia shida ni panga.

Ukikuta pini hamna, raba imekufa au bolti limeliwa, hapo mwite fundi umeme, maana feni lazima ishushwe, na ni kilo nne mpaka sita zenye nyaya, sio kazi ya mama peke yake juu ya ngazi. Vifaa vyenyewe ni vya bei ndogo, raba, bolti na pini vinapatikana duka lolote la vifaa vya umeme, mwambie fundi aje navyo vipya na usimkubalie akurudishie bolti la zamani. Na usikubali mtu akusokomezee karatasi la boksi au kipande cha mbao pale juu ili feni isicheze. Ile raba imewekwa makusudi ili feni ining'inie yenyewe wima kama timazi la mwashi, ukiibana inabaki imeinama upande na ndo itayumba milele. Kikombe kutikisika kidogo sana sio ugonjwa. Ugonjwa ni pale unapoona bomba linachora duara.

Kama nyumba yenu ni ya jipsamu au siling bodi, angalia na huku yenyewe imeshikwa wapi. Shika bomba kwa mikono miwili, sukuma polepole kushoto na kulia. Dari ikisogea nalo, basi huku imefungwa kwenye blandaring, na blandaring ni vijiti vya kushikia bodi, havikuwekwa pale kubeba kitu kinachozunguka. Hii nimeiona kwenye nyumba mpya nyingi mno, nzuri kwa rangi na mapambo, lakini pangaboi limeshikwa na mbao nyembamba na misumari. Dawa yake mtu apande juu ya dari, alaze mbao ya inchi mbili kwa nne kutoka kenchi hadi kenchi, zile mbao kubwa zinazobeba paa, atoboe, huku ipitishwe ikazwe kwa nati mbili na washa pana, kile kipete bapa cha chuma, upande wa juu. Hakuna njia ya mkato hapo.

Juu pakiwa salama, shuka chini ya bomba linapoingia kwenye mota. Kuna kikombe kingine, kiinue utaona bolti lingine na pini yake, na mara nyingi skrubu ya kubana bomba ubavuni. Hiyo skrubu ikilegea bomba linacheza ndani ya shingo, na mlio wake ni huo huo wako wa kok, kok, mmoja kila mzunguko. Kaza. Kazi ya dakika mbili.

Sasa turudi kwenye neno lako ulilolipitisha haraka, "tangu wiki ya sikukuu". Mama, nani alifuta vumbi feni wiki ile? Nauliza bila kumlaumu mtu, maana kila baada ya Idi na Krismasi barua hizi zinaongezeka, na sababu yake ni moja. Mtu anapanda na kitambaa, analishika panga kwa juu, analisugua kwa nguvu kuanzia ncha, na panga la bati likikandamizwa kwa juu linashuka, ule mkono wa chuma unaoliunganisha na mota unapinda kidogo tu, kwa macho huoni. Ukiwasha, panga moja linapita chini kuliko wenzake na feni yote inavutwa.

Kulijua hilo unahitaji futi na penseli. Weka alama ndogo kwenye dari juu ya ncha ya panga moja, pima kutoka alama mpaka ncha. Zungusha kwa mkono, leta panga la pili chini ya alama ileile, pima, halafu la tatu. Alama iwe ileile moja, usihame, maana dari nyingi zenyewe hazijanyooka na utaishia kupima makosa ya mpaka plasta. Yakitofautiana chini ya milimita 3 achana nayo. Yakizidi hapo, umempata mgonjwa. Kwanza kaza skrubu zote zinazoshika mikono ya mapanga kwenye mota, zote, hata zinazoonekana zimekaza, kisha pima tena, mara nyingi tofauti inapotea hapohapo. Kama bado ipo, shika ule mkono wa chuma karibu na mota, sio panga lenyewe, uupandishe au uushushe kwa utaratibu, kidogo, pima, kidogo, pima. Ukitumia hasira utavunja ribiti, zile pini zinazoshika panga kwenye mkono wake.

Pima na upande wa pili, kutoka ncha hadi ncha. Mapanga matatu yanatakiwa yaachane sawa. Feni ya inchi 56 utapata kama sentimita 120 na kitu kila upande, lakini namba yenyewe sio hoja, hoja ni zifanane zote tatu.

Na vumbi lenyewe msilidharau. Pwani vumbi halikai kavu, linachanganyika na unyevu, moshi wa udi na mafuta ya jikoni linakuwa kama lami ukingoni mwa panga, na halijai sawa kwenye mapanga yote. Nikupe hesabu ndogo. Feni ya inchi 56 kwenye namba ya juu inazunguka karibu mara 300 kwa dakika, ncha ya panga inakimbia karibu kilomita 80 kwa saa, spidi ya basi barabara kuu. Kwa mwendo huo uzito wa kijiko kimoja cha chai cha sukari ukiwa kwenye ncha ya panga unavuta kama robo kilo nzima, na unavuta kuelekea kila upande wa chumba mara tano kila sekunde. Sasa fikiria panga moja lina uchafu wa vijiko viwili kuliko mwenzake.

Kufuta, chukua foronya ya zamani, ilowanishe kidogo maji ya sabuni, ivishe kwenye panga kama unavovisha mto, mkono mmoja ushikilie panga kwa chini muda wote, mwingine uvute foronya taratibu kuelekea ncha. Vumbi linabaki ndani ya foronya, kitanda hakichafuki, na panga halikandamizwi.

Umekaza, umepima, umesafisha, bado linayumba? Hapo ndo tunakuja kwenye kusawazisha uzito, na huhitaji kununua kitu. Chukua kibanio cha nguo, kibane katikati ya panga la kwanza, kati ya mota na ncha, washa namba ya kati, angalia kwa nusu dakika. Zima, subiri lisimame lenyewe, hamishia panga la pili, kisha la tatu. Panga moja kati ya hayo utaona feni inatulia zaidi, na hilo ndo jepesi. Baki kwenye hilo, sogeza kibanio kidogo nje, kidogo ndani, mpaka upate pale inapotulia kabisa. Pale pale, upande wa juu wa panga, bandika washa moja au mbili za chuma kwa gundi kali ya kuchanganya, iache ikauke usiku mzima, kisha uzungushie tepu. Watu wengine wanabandika sarafu kwa selotepu, mi sishauri, joto likiilegeza ile sarafu inaruka kwa spidi niliyokutajia na watoto wako humo chumbani. Na wakati wa kujaribu hiki kibanio watoto wawe nje, mlango ufungwe.

Beringi sasa. Umeme ukiwa umezimwa, shika mwili wa mota chini ya mapanga, usukume juu na uuvute chini. Ukisikia tok, kuna mchezo, beringi zimekwisha. Au uzungushe kwa mkono polepole usikilize, beringi nzima haina sauti, iliyokwisha inakwaruza kama mchanga kwenye sufuria. Hata hapo feni haijafa, fundi anafungua mota anaweka mpya mbili, namba zake zimechorwa ubavuni mwa zile za zamani. Kununua jipya ni pale ambapo shafti, yaani mhimili wa katikati ya mota, imepinda au ule mwili wa mota umepasuka kwenye shingo. Kwa unavoeleza, miaka sita kimya halafu ghafla wiki ya usafi, mi naamini ni panga lililopinda na skrubu zilizolegea. Nataka barua nyingine kutoka kwako, unieleze ulikuta nini kwenye ile pini.

SWALI: Fundi habari. Nimehama Mbagala kwenda Chanika, feni zangu mbili nilizifungua mwenyewe nikaweka mapanga yote sita kwenye kiroba kimoja. Nimefunga huku, zote mbili zinayumba. Zilikuwa nzima. Nimekosea wapi? Mpangaji.

JIBU: Nzuri kaka. Umekosea kwenye kile kiroba. Mapanga yanatoka kiwandani kama familia, matatu matatu, yamepimwa uzito yakaribiane, sio kwamba kila panga la aina hiyo lina uzito sawa na jingine. Ukichanganya familia mbili, hata kama rangi na urefu ni vilevile, gramu zinatofautiana na hesabu ya kijiko cha sukari niliyompa mama wa Tanga inaanza kufanya kazi.

Yafungue yote sita. Nenda kwa mwenye duka la rejareja mwenye mzani wa kidijitali umwombe dakika tano, yapime moja moja uandike namba kwa penseli mgongoni. Kisha yapange, matatu yanayokaribiana zaidi yawe feni moja, yaliyobaki nyingine. Angalia pia mgongo wa panga karibu na ribiti, saa zingine kuna alama ya rangi au herufi iliyogongwa kiwandani, hiyo inakurahisishia. Siku nyingine ukihama funga kila familia kwa kamba yake, na skrubu zake kwenye kifuko kimoja, maana hata skrubu na washa zake zikichanganyika panga halikai sawa.

SWALI: Langu linayumba namba nne na tano tu. Namba mbili limetulia kabisa, hata maji kwenye glasi hayatikisiki. Si niliache tu nitumie namba mbili? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Hapana ndugu yangu. Nguvu inayolivuta inapanda kwa mraba wa mwendo, yaani mwendo ukiongezeka mara mbili mvuto unakuwa mara nne, kwahiyo kwenye namba mbili ugonjwa upo vilevile, hauna nguvu ya kutosha kuonekana tu. Na kuna siku mgeni ataweka tano. Angalia juu kwanza, pini na raba, kisha kaza skrubu za mapanga, pengine kazi yote itaishia hapo.

SWALI: Fundi, langu haliyumbi ila limekuwa zito, namba tano linazunguka kama namba mbili ya zamani, na kulianzisha mpaka nilisukume kwa fimbo ya ufagio. Ni mota? Dada wa Lindi.

JIBU: Dada yangu, acha kulisukuma, kwa fimbo ndo utapinda panga halafu utaniandikia barua ya kuyumba. Hiyo asilimia kubwa ni kapasita, kile kijisanduku kidogo kama kiberiti, mara nyingi kimekaa ndani ya kikombe. Kinachoka kwa joto na miaka. Feni nyingi za kwetu zinatumia cha mikrofaradi 2.5, nyingine 3.15, namba imeandikwa juu yake pamoja na volti, mwambie fundi akuwekee chenye namba ileile, asikuongezee kwa kudhani litakwenda kasi, mota itachemka. Akiwa hapo hapo azungushe kwa mkono asikilize beringi, Lindi chumvi ya bahari inakula chuma.

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nyumba yetu ni ya zamani, Mji Mkongwe, dari ni ya boriti na mawe. Feni ya inchi 56 tumefunga kwenye boriti moja ya katikati, ikafanya kazi mwaka mmoja, sasa inayumba na unga unadondoka. Mafundi wawili wameniambia maneno mawili tofauti. Mzee wa nyumba.

JIBU: Waalaykum salaam mzee wangu, shikamoo. Zima feni hiyo leo usiiwashe tena mpaka boriti ikaguliwe. Unga unaodondoka ndo unaonitia wasiwasi kuliko kuyumba kwenyewe. Ukiwa mweupe wenye chembe ni chokaa, mtikisiko unailegeza. Ukiwa wa kahawia, laini kama unga wa mbao, ni mchwa au dumuzi wamo ndani ya mti.

Boriti za mikoko ni miti migumu, nyumba za Mji Mkongwe na za Lamu zimesimama juu yake vizazi na vizazi, lakini adui zake ni maji yanayovuja juu na wadudu, na mara nyingi inaoza pale inapoingia ukutani huku katikati inaonekana nzima. Chukua bisibisi, gonga boriti kuanzia ukutani kuja katikati. Mti mzima unalia kavu na bisibisi haiingii. Ulioliwa unalia kama ngoma yenye ngozi iliyolegea, na ncha ya bisibisi inazama. Ukikuta hivyo usifunge chochote pale, mwite fundi anayejua nyumba za mawe abadilishe boriti kwanza.

Hata ikiwa nzima, boriti moja isibebe feni. Ile boriti tayari inabeba mawe na sakafu ya juu, na uzito uliotulia ni jambo moja, kitu kinachoitikisa mara tano kila sekunde ni jambo lingine. Lazeni mbao ngumu ya mbili kwa nne chini ya boriti, ikate boriti tatu au zaidi, ikazwe kwenye kila moja kwa skrubu ndefu nene baada ya kutoboa kwanza ili mti usipasuke, na huku ya feni itoke kwenye mbao hiyo kwa bolti lililopita mpaka upande wa pili. Hukuniambia mafundi wako wawili walisema nini, lakini kama mmoja alisema mgawanye mzigo, huyo ndo msikilizeni.

Halafu mzee, feni ya inchi 56 nadhani ni kubwa kwa chumba hicho. Vyumba vya boriti ni vyembamba kwa sababu urefu wa mkoko ndo uliopanga upana wa chumba, na upana huo mara nyingi hauzidi mita tatu. Panga likizunguka karibu na ukuta upepo unagonga ukuta unarudi unalipiga panga lenyewe, na hilo peke yake linatosha kuyumbisha feni isiyo na kasoro yoyote. Wekeni ya inchi 48, au 36 kama chumba ni chembamba zaidi, ibaki angalau nusu mita kutoka ncha ya panga hadi ukuta wa karibu. Itatulia, na mtikisiko unaokwenda kwenye boriti utapungua.

SWALI: Fundi, mimi swali langu dogo. Chumba cha watoto tumeweka dabodeka, pangaboi liko katikati ya chumba na kitanda kipo karibu nalo. Linayumba kidogo sana. Nianze na kukaza skrubu au na kupima mapanga? Baba wa wawili, Dodoma.

JIBU: Baba, anza na kitanda. Mapanga yanatakiwa yawe juu ya sakafu si chini ya futi 7, mita 2.1, hiyo ni kwa mtu anayetembea chini. Mtoto wa juu ya dabodeka godoro lake liko kama mita moja na nusu kutoka sakafuni, akikaa kichwa kinafika mita 2.2 au zaidi, na akiamka usiku akanyoosha mkono kutafuta shuka unajua mwenyewe unafika wapi. Panga la bati kwa mwendo wake halimwachi mtoto bila jeraha, liyumbe au lisiyumbe.

Sukuma dabodeka mpaka pembeni kabisa, kisha panda mwenyewe kitanda cha juu feni ikiwa imezimwa, kaa, nyoosha mkono wako wote kuelekea kwenye feni. Mkono wako ni mrefu kuliko wa mtoto, kwahiyo ukilikosa panga kwa zaidi ya nusu mita, pametosha. Ukiligusa au ukilikaribia na chumba hakina nafasi nyingine, tenganisha vitanda viwe viwili vya chini, au ondoa pangaboi uweke feni ya ukutani yenye wavu. Skrubu na mapanga tutakuja kuvipima kesho mchana, kitanda kihamishwe leo kabla hawajalala.